Ng'ombe Waliotangulia Fainali

Abner Nyasani hakuwahi kushinda mchezo wa tenisi akicheza peke yake. Ukitaka kumjua anzia hapo, maana watu wa Kisii nao walianzia hapo, na hawakumficha. "Nusu mchezaji" ndilo jina walilompa pale klabuni, na mtu alipolitamka mbele yake hakununa. Alikuwa mchuuzi wa ndizi wa Keroka, mwenye lori kuukuu na goti bovu, na mtu anayejua bei ya mali yake hababaishwi na kelele za soko.

"Maksai hulima wawili," alikuwa akiwajibu. "Akibaki mmoja, huyo ni wa kuchinjwa."

Goti lilitokana na lori. Mwaka wa 1956 lilimteleza kwenye matope karibu na Masimba, likalala ubavu, naye akatolewa chini ya mikungu ya ndizi akiwa na mguu usiokunjika vizuri tena. Kukimbiza mpira uwanja mzima hakuweza. Lakini msimamishe karibu na wavu, mahali pa kunyoosha mkono tu, umpe mwenzake mwenye mbio wa kulinda nyuma, halafu ujaribu kumpita. Wengi walijaribu.

Klabuni aliingia kwa udongo. Miezi michache kabla ya Uhuru, Wazungu wenye klabu ile ya mjini walikuwa na uwanja uliopasukapasuka, na hakuna kinachofaa uwanja wa tenisi kama udongo wa kichuguu: ukishindiliwa na kumwagiwa maji unakuwa mgumu kama sakafu. Nyasani alikuwa na vichuguu shambani kwake na alijua vya majirani. Alipeleka udongo wa nusu ya uwanja, kisha lori likaharibika. Lilikaa limeharibika mpaka katibu wa klabu alipokuja Keroka mwenyewe.

"Lori lako lina ugonjwa gani?" katibu aliuliza.

"Linataka uanachama," Nyasani akasema.

Katibu alicheka, akidhani ni mzaha. Alirudi mjini, akautazama uwanja wake wenye nusu nyekundu na nusu nyufa, akawatazama wanachama waliokuwa wakiuza meza na vitanda ili warudi kwao Ulaya, na juma lililofuata lori likapona.

Tenisi alijifunza kwa macho. Miaka aliyonunua ndizi kwa wakulima ilimfundisha kwamba anayetaka kukuficha mkungu mbovu huutupia jicho kabla ya kukuambia hana kitu. Mpiga mpira naye ni hivyohivyo: hutupia jicho mahali anapokusudia, kisha anajifanya anatazama pengine. Nyasani alisoma jicho, akahamisha raketi, akangoja. Wazungu waliobaki walisema ana bahati. Aliwaacha waseme.

Mwaka wa 1967 akaja Ondieki, mwalimu kijana kutoka upande wa Nyamira, aliyepewa shule kule Nyanchwa. Alikuwa na miguu ya paa na mkono wenye radi, ila alipiga mpira kama mtu anayefukuza ndege shambani: nguvu nyingi, mavuno hakuna. Nyasani alimtazama jioni moja akishindwa na mzee wa benki, halafu akamfuata.

"Mwalimu, wewe una miguu. Mimi nina akili. Tufanye biashara."

"Na nikitaka kuwa na vyote viwili?"

"Utangoja mpaka uwe na umri wangu, na miguu itakuwa imeondoka."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Nyasani aliweka sheria moja: ukipita mlango wa waya, umri wako uuache nje. Ndani hakuna mzee wala kijana. Ilikuwa sheria ya lazima, kwa sababu wa nyuma ndiye anayeuona uwanja wote, naye lazima amwamuru wa mbele bila kupiga magoti kwanza. Ondieki aliipenda sheria hiyo kupita kiasi. "Tiga!" alikuwa akinguruma kwa Kigusii, maana yake acha, na Nyasani anainama mpira unampita juu ya kofia. "Sogea, gunia la ndizi!" Nyasani naye hakubaki na deni: "Piga, mwalimu, hiyo si chaki!" Watu walikuja kutoka sokoni kusikiliza tu.

Kwa miaka saba hakuna jozi ya Kisii iliyowashinda. Lakini kulikuwa na kombe la miji na mashamba ya chai, lililochezwa kila Agosti, na hilo liliwakataa. Mara tatu walifika fainali, mara tatu wakaondoka na soda. Ukutani mwa klabu ulining'inia ubao wa mninga wenye majina ya washindi kwa rangi ya dhahabu, na hakuna jina moja la Mgusii. Nyasani alikuwa na duka, lori na shamba la chai, lakini jina lake halikuwa limeandikwa mahali popote isipokuwa kwenye mlango wa lori. Alilitaka kwenye ubao ule. Alilitaka hasa kwa sababu ya lile neno, nusu.

Waliowashinda mwaka wa 1972 na 1973 walikuwa watu wawili: meneja mmoja wa chai kutoka upande wa Kericho, na mwalimu wa hisabati aliyetoka Kanada, Bwana Gagnon, mtu mrefu mwenye nywele kama katani. Huyo Gagnon alikuwa mtu wa wavuni kama Nyasani. Ajabu yake ilikuwa kwamba kabla mwenzake hajaanzisha mpira, yeye alipeleka mkono mgongoni.

"Anajikuna," Ondieki alisema mara ya kwanza.

"Viroboto wa Kanada," Nyasani akasema, na wakacheka. Walicheka miaka miwili na kushindwa miaka miwili.

Mwaka wa 1974 fainali ilipangwa kuchezwa Kisii, kwenye udongo wa Nyasani mwenyewe. Alikuwa ameomba ichezwe Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato na yeye ni Msabato wa kanisa la Nyanchwa, na akakubaliwa. Goti lilikuwa limeanza kuvimba hata siku za baridi. Alijua mwaka huo ndio wa mwisho wa kweli. Kila kitu kilikuwa mahali pake, mpaka mwezi Juni, Ongeri alipoingia boma lake akiwa na fimbo na koti zito.

Ongeri alikuwa esigani, mshenga. Kazi yake maishani ilikuwa kubeba maneno kati ya nyumba mbili ambazo hazijaweza bado kusemezana. Alikunywa uji wa wimbi mpaka nusu ya kibuyu kabla ya kusema lolote.

"Nimetumwa na nyumba moja ya Nyamira," alianza. "Wana kijana mwalimu. Wamesikia kwamba hapa kuna msichana muuguzi. Wahenga walisema, tunaooa kwao ndio tunaopigana nao. Basi nimekuja tupigane kidogo, kwa maneno. Kijana mwenyewe unamjua. Ndiye mnayepiga naye huo mpira wa wavu."

Nyasani aliweka kikombe chini polepole.

Mkewe, Tryphosa, alimsubiri jikoni. "Ulidhani Ondieki anakuja hapa kila Jumapili kuulizia goti lako?"

"Alikuwa akiuliza."

"Alikuwa akimuulizia Bosibori, binti yako. Wewe ulikuwa unajibu."

Kijana hakuwa na kasoro. Bosibori alimtaka, na Bosibori hakuwa msichana wa kupangiwa. Tatizo lilikuwa jingine. Kwa Wagusii, baba mkwe na mkwe wana ensoni kati yao, yaani haya ya heshima. Hawataniani. Hawagusani ovyo. Mkwe hamwamuru baba mkwe wala kumfokea, na hakuna anayemwonyesha mwenzake mapaja. Sasa pima mwenyewe: tenisi ya wawili ni kuvaa kaptura, kugongana mabega na kupigiana makelele. Sheria ya mlango wa waya iliweza kuacha umri nje. Ensoni haiachwi nje ya kitu chochote. Mtu huingia nayo hata kaburini.

Ila ensoni nayo ina mlango wake. Haianzi kwa maneno. Inauma sawasawa ng'ombe wa mahari wakishaingia boma la msichana. Kabla ya hapo, Ondieki ni mwalimu tu. Nyasani alipoliona hilo, alirudi kwa Ongeri akiwa ametulia.

"Nyumba hiyo naikubali," alisema. "Ng'ombe waje Septemba."

"Septemba? Watu wako tayari hata mwezi ujao."

"Septemba kuna majani."

"Hata sasa kuna majani. Nyasani, ng'ombe wenyewe huwaulizi? Hutaki kujua kama wana pembe?"

"Wana pembe. Septemba."

Ongeri alimtazama sana. Katika miaka yake yote ya ushenga alikuwa ameona baba wanaotaka wengi zaidi, wanaotaka wanono zaidi, wanaolia, wanaotishia kumrudisha mshenga na fimbo yake. Baba anayewafukuza ng'ombe hakuwa amemwona. Nyasani naye hakumwambia sababu. Kwanza, mnunuzi hodari haonyeshi anachokitaka; ndivyo alivyopata kila alichonacho. Pili, angeanzia wapi kumweleza mzee wa watu kwamba ndoa ya bintiye inangoja mpira?

Bosibori alikuja kutoka mjini Jumapili iliyofuata. "Tata," alimwita baba yake kwa Kigusii, "umemkataa?"

"Sijamkataa. Nimesema Septemba."

"Kwa nini Septemba?"

"Mambo ya biashara."

Bosibori alimtazama kama alivyomtazama mgonjwa anayeapa kwamba amemeza vidonge vyote. Lakini Septemba haikuwa mbali, akanyamaza.

Aliyeshindwa kunyamaza ni Ongeri. Aliitafuna ile Septemba njia nzima mpaka Nyamira, na alipofika alikuwa na tafsiri yake: mchuuzi anayechelewesha biashara ana mteja mwingine. Pengine daktari. Pengine mtu wa Nairobi mwenye gari. "Pelekeni ng'ombe mapema," aliwaambia wazee wa Ondieki. "Mlango wa mchuuzi hufungwa kwa mali, si kwa ahadi." Na kwa kuwa Ondieki alikuwa mjini akifanya mazoezi kila siku, hawakuona haja ya kumsumbua.

Ng'ombe walifika Keroka Ijumaa alasiri, kesho kutwa yake ikiwa fainali. Nyasani aliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa ng'ombe wazuri, wenye ngozi inayong'aa, na nyuma yao wazee wa Nyamira wamevaa makoti yao ya kanisani, nyuso zao zikionyesha kwamba wanamfanyia heshima kubwa. Ongeri alitangulia, fimbo juu, amejaa ushindi.

Nyasani alisimama langoni akatazama magharibi.

"Sabato inaingia," alisema.

Tryphosa alikuwa nyuma yake. "Jua liko juu ya kilima. Usitutafutie Sabato ambayo haijafika."

"Nasema karibu inaingia."

"Ng'ombe nao karibu wanaingia. Sogea."

Kuwarudisha kungekuwa tusi ambalo hata wajukuu wangelilipia. Nyasani ni mtu wa kupima, akapima. Akasogea. Ng'ombe wakapita lango mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alipoingia, Nyasani alikuwa hana tena mwenzake wa tenisi. Alikuwa na mkwe.

Jumapili, klabu ilijaa. Wazee wa Nyamira walikalishwa kwenye mabenchi nyuma ya uwanja, na miavuli yao, upande aliokuwa akianzia Mkanada. Wengine wangejiondoa, na Nyasani alilifikiria hilo asubuhi, akalikataa. Alikuja amevaa suruali yake nyeupe ndefu ya ubatizo. Ondieki, bila kuambiwa, alikuja na suruali ndefu ya kaki ya kufundishia. Walipoonana langoni, kila mmoja alitazama miguu ya mwenzake iliyofunikwa, halafu akatazama chini.

"Shikamoo, Tata," Ondieki alisema.

"Marahaba."

Hawakuwa wamewahi kusalimiana hivyo. Ondieki akarudi nyuma amwachie nafasi ya kupita, akarudi mno, akagonga nguzo.

Seti ya kwanza ilikuwa aibu. Mpira ulipanda juu, katikati kabisa, mpira ambao kwa miaka saba ulikuwa na jina na mwenyewe. Nyasani alingoja lile neno, tiga. Ondieki alifungua mdomo, akaufunga. Mpira ukaanguka kati yao kwa utulivu.

"Tata, samahani," Ondieki alisema kwa sauti ya kanisani, "ule ungeniachia." Mpira ulikuwa umeshadunda mpaka kwenye waya.

Uliofuata waliuendea wote wawili, na Ondieki, akiogopa kumgusa, akaruka pembeni kama aliyekanyaga nyoka. Watu wa sokoni walizomea. Waliipoteza seti kabla jasho halijatoka.

Jeconia, karani wa posta mwenyeji wa upande wa ziwani, ndiye aliyekuwa akihesabu pointi. Aliwaletea maji. "Wazee, mnacheza kama watu wenye mtoto aliyelala ndani. Leo kelele ziko wapi?"

"Zimelipiwa mahari," Nyasani alisema.

Aliketi kwenye benchi, Ondieki akaketi kwenye benchi jingine, mbali, ametazama upande wa pili. Hapo ndipo Ongeri alipokuja akijongea na fimbo yake. Alikuwa ameshaelewa makosa yake. Tryphosa alikuwa amemweleza, na Tryphosa hakueleza kwa upole.

"Nyasani," alisema, "nina swali. Yule Mzungu mrefu na mwenzake, nao ni mtu na mkwewe?"

"Wapi. Kwa nini?"

"Hawasemezani. Kila wanapokuja upande wetu nawaona kwa nyuma. Yule wa mbele anatuma mkono. Akifunga ngumi mgongoni, wa nyuma habanduki. Akifungua vidole, yeye wa mbele anahamia upande wa pili na wa nyuma anahama kumzibia. Mkono ndio esigani wao. Mimi kazi yangu naijua nikiiona."

Nyasani aligeuka akautazama mgongo wa Mkanada. Miaka miwili alikuwa akimtazama Gagnon usoni, na macho ya Gagnon yalikuwa hayana kitu, kwa sababu biashara yote ilikuwa ikifanyika nyuma. Viroboto wa Kanada.

"Ongeri," alisema, "nenda kwa mkwe wangu. Mwambie: ngumi, akae. Vidole, ahame."

Ongeri akaenda benchi la pili, akarudi. "Anasema amesikia. Anauliza, na mpira wa katikati? Hawezi kukuamuru uuache."

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Katikati palikuwa pa Nyasani. Ndipo alipowaibia watu mipira na kujitengenezea jina. Pembeni alikuwa mzee mwenye goti bovu tu. Angeweza kusema wagawane, na angekuwa anadanganya, kwa kuwa kitu cha kugawana kinahitaji mdomo. Alikunywa maji yote yaliyokuwa kwenye bilauri.

"Mwambie katikati yote nimempa. Asiombe ruhusa. Na mipira ya juu pia."

Ongeri akaenda, akarudi. "Anasema asante."

"Sijauliza kama anashukuru. Mwambie apige."

Seti ya pili ilianza kimya. Nyasani alisimama wavuni, mkono mgongoni, akafunga ngumi. Nyuma yake hakusikia neno, ila viatu. Akafungua vidole, akavuka kushoto, na viatu vikavuka kulia. Ilikuwa ajabu kucheza na mtu usiyemwona wala kumsikia, lakini Nyasani alikuwa amefanya biashara maisha yake yote na watu waliosema jambo moja na kumaanisha jingine. Huyu mmoja asiyesema lolote alikuwa rahisi kuliko wote. Gagnon aliutazama ule mkono, akacheka kidogo, akamnong'oneza meneja. Mara ya kwanza siku hiyo walilazimika kusemezana wao.

Seti ya pili waliichukua. Ya tatu ikawa vuta nikuvute, mpaka jua likaanza kuwapiga wazee wa Nyamira usoni na hakuna aliyehama.

Kwenye pointi ya mwisho Nyasani alifunga ngumi. Meneja aliinua mpira juu sana, ukaja taratibu, ukining'inia juu ya kichwa cha Nyasani, mpira ambao hata nusu mchezaji angeumaliza. Mkono wake ulipanda wenyewe. Alikuwa anauona mshono wa mpira. Akasikia viatu vinakuja, havikusema kitu, havikuomba. Nyasani akashusha mkono na kuinama, kama alivyoinama miaka saba kwa neno moja, na safari hii hakukuwa na neno. Ondieki aliupiga kutoka juu yake. Ulidunda mbele ya Gagnon ukaruka waya ukaingia barabarani.

Watu wa sokoni waliingia uwanjani. Ondieki alibaki palepale, raketi mikononi, macho chini, kwa kuwa jozi nyingine zote hukumbatiana na wao hawakuweza. Nyasani alimwita Ongeri.

"Mwambie mkwe wangu kwamba ule wa mwisho alichelewa."

Ongeri akageuka, Ondieki alikuwa amesimama hapo hapo karibu, na alikuwa amesikia yote. Hata hivyo Ongeri aliurudia ujumbe kwa ukamilifu, kama inavyotakiwa.

"Anasema ni kweli," Ongeri akaleta jibu. "Anasema suruali ya kaki inabana."

"Mwambie anunue nyingine."

Fundi wa rangi aliandika majina juma lile, A. NYASANI juu na F. ONDIEKI chini, na Nyasani alisimama hapo mpaka rangi ikakauka. Neno nusu halikusikika tena klabuni, angalau hakuna aliyelisema akiwa amekaa karibu naye. Arusi ilifanyika Desemba.

Watu walidhani jozi hiyo itaendelea. Nyasani akasema la. Kimya kile kiliweza kuvumiliwa mara moja, kwa faida kubwa. Biashara ya kila wiki hakiiwezi. Mwaka wa 1975 alimchukua Jeconia wa posta, aliyekuwa na mbio na mdomo, na wakaanza upya kutukanana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikivunja kivyake. Ondieki alipata mwenzake mwingine. Kwa hiyo wakwe wakakutana mahali pazuri kuliko pote: pande mbili za wavu, suruali ndefu, hakuna wa kumwamuru mwenzake.

"Mzee, si vibaya kumpiga mkweo?" Jeconia alimuuliza kabla ya mechi ya kwanza.

"Tunaooa kwao ndio tunaopigana nao," Nyasani alisema. "Haikutungwa na mimi. Wewe linda nyuma."

Alicheza hivyo mpaka goti lilipomaliza kazi yake mwaka wa 1979. Mechi ile ya kwanza waliishinda, yeye na Jeconia. Ondieki na mwenzake mpya walikuwa na nguvu zaidi, lakini Nyasani alipiga mipira yake yote katikati yao. Alijua pale hapajapata mwenyewe bado.